Nakala Nyingi, Shahidi Mmoja

Muulize mtu wa visiwa vya Lamu Wanabhani, ukoo uliotawala Pate, walifika huko lini, atakujibu mwaka 600 wa Hijra, yaani 1203 au 1204 Miladi. Muulize amejuaje, atakwambia imeandikwa katika tarikh ya Pate, tena si katika nakala moja. Nakala ziko tele. Stigand aliichapisha mwaka 1913 ndani ya kitabu chake The Land of Zinj. Alice Werner akaitoa 1914 na 1915. Heepe akaitoa tena 1928 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Nakala nne nyingine, nambari 177, 321, 344 na 358, zimo maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Marina Tolmacheva alizichapisha pamoja mwaka 1993. Kwa hesabu ya haraka hao ni mashahidi saba, na kwa jumla kisa wanachokisimulia ni kimoja.

Mimi nasema huyo ni shahidi mmoja. Nataka kueleza kwa nini, maana jambo lenyewe linagusa kila chuo, yaani kitabu, cha kale kilichosalia makashani mwetu, kiwe tarikh au utenzi wa mawaidha, na naona tunalipita mbio.

Kitabu chenyewe cha ukoo wa Wanabhani, kama inavyosimuliwa, kilipotelea Witu mwaka 1890, Waingereza walipoupiga mji huo wa Sultani Fumo Bakari. Kilichobaki kilikuwa kifuani mwa mzee mmoja, Muhammad bin Fumo Omar, Mnabhani, aliyejulikana kwa jina la Bwana Kitini. Yeye alisema aliipokea habari kwa babu yake, Bwana Simba. Waliotaka historia ya Pate wakaelekezwa kwake. Huyu alisimuliwa akaandika, yule aliandikiwa, mwingine alinakili kilichoandikiwa mwenziwe. Wachunguzi waliozilinganisha nakala hizo, akiwamo Randall Pouwels mwaka 1996, wamezifuata nyuma hatua kwa hatua na kukuta kwamba karibu zote zinakomea mlangoni kwa Bwana Kitini.

Basi ukizipanga zote saba mezani, usidhani una watu saba waliokaa mbali mbali kisha wakaafikiana. Una mzee mmoja na wasikilizaji wengi. Kama mwaka 600 ulikosewa kinywani mwake, au kinywani mwa babu yake, utakuwa umekosewa kila mahali, na nakala hata zikiwa mia hazitausahihisha. Neville Chittick, mwanaakiolojia, aliandika mwaka 1969 kwamba miaka ya mwanzo ya tarikh hiyo haiaminiki. Wengi kwetu walikasirika, na jibu lao likawa ni lile lile: mbona imeandikwa kote? Simtetei Chittick kwa kila alilosema. Lakini jibu hilo si jibu.

Waliosoma elimu ya Hadithi hawatashangazwa na ninayoyasema. Hadithi ya nia, ambayo Imam Bukhari aliifungulia Sahihi yake, imepokewa na watu wengi mno. Lakini panda nao juu utakuta wote wanakutana kwa Yahya bin Said al-Ansari, ambaye aliipokea kwa Muhammad bin Ibrahim al-Taymi, naye kwa Alqama bin Waqqas, naye kwa Sayyidna Umar. Juu ya Yahya njia ni moja tu. Maulamaa hawakuuficha upweke huo. Waliutaja wazi, wakaikubali Hadithi kwa sababu kila mtu katika mnyororo ule alijulikana ni nani, alikuwa na hifadhi gani, na alikutana na nani. Wingi uliokuja baadaye hawakuuchanganya na uchache wa mwanzo. Hicho ndicho kipimo ambacho bado hatujakitumia kuzipima tarikh zetu na tenzi zetu, ilhali tumekisoma chuoni tangu utotoni.

Ulaya njia ya namna hii ilishika kasi katika karne ya 19. Mwaka 1827 Carl Johan Schlyter wa Sweden, akichapisha sheria za kale za Västergötland, alichora mti wa nasaba wa nakala: ipi imemzaa nani, zipi ni ndugu, na mzazi yupi amepotea. Mwaka 1850 Karl Lachmann, Mjerumani, akatoa utenzi wa Kilatini wa Lucretius baada ya kulinganisha nakala zilizobaki. Kutokana na mapengo yake na kurasa zilizohama, aliweza kusema kwamba zote zimetoka katika kitabu kimoja kilichopotea, chenye kurasa 302, na kila ukurasa mistari 26. Kitabu hicho Lachmann hakukiona kamwe. Alikipima kwa makovu yaliyobaki kwa wajukuu wake.

Kanuni yenyewe ni nyepesi, na nashangaa kwamba haifundishwi shuleni. Nakala mbili zikikubaliana katika neno lililo sahihi, hujajua lolote juu ya udugu wao, maana kila mmoja angeweza kulipata neno sahihi kwa njia yake. Zikikubaliana katika kosa, tena kosa ambalo watu wawili hawawezi kulifanya kwa sadfa, hapo zina mzazi mmoja. Macho mawili kila mtu anayo. Kidole cha sita kikionekana kwa watoto wa nyumba mbili, mtaa huanza kuulizana.

Niseme mfano wa kwetu nyumbani, kwa sababu ndio ulionifanya nilishughulikie jambo hili tangu nilipostaafu ualimu. Tuna utenzi wa mawaidha ambao bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akiusoma kwa sauti kila Ramadhani baada ya tarawehe. Nakala yake imo katika karatasi nene iliyogeuka rangi, kwa wino mweusi, na vituo vimetiwa wino mwekundu. Nakala ya pili iko Malindi kwa wana wa mama mkubwa, katika daftari la shule, kwa herufi za Kiarabu zilizoandikwa kwa kalamu ya biki. Ya tatu iko Mombasa, kwa herufi za Kirumi. Aliiandika ami yangu, karani wa bandarini, aliyekuwa na hati nzuri lakini ya haraka.

Katika nakala ya bibi mna ubeti ambao haumo Malindi wala Mombasa. Kila hitima ikitukutanisha, mzozo huanza. Wa Malindi husema wawili wamemshinda mmoja, kwa hiyo ubeti ule ni wa kupachikwa, na bibi ndiye aliyeupachika. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akiondoka chumbani aliposikia maneno hayo.

Nilizichukua zote tatu nikazilinganisha neno kwa neno. Ubeti unaogombaniwa unamalizika kwa neno lile lile linalomaliza ubeti ulioutangulia. Ajuaye utenzi atatambua mara moja kilichotokea. Katika utenzi vipande vitatu vya mwanzo vina kina chao, na kipande cha nne hubeba kina kikuu, ile bahari, tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenye kunakili huandika kipande cha nne, huinua kalamu kuichovya, kisha jicho hurudi na kutua kwenye neno linalofanana, ubeti mzima chini yake. Hakuna mahali pepesi pa jicho kuruka kama mwisho wa ubeti wa utenzi. Ubeti ule haukupachikwa na mtu. Ulirukwa.

Je, ulirukwa mara mbili, na waandishi wawili wasiojuana? Huenda. Lakini nakala ya Malindi na ya Mombasa zina pia neno moja lisilo na maana yoyote, la aina moja, mahali pamoja, ambapo bibi ana neno lenye maana. Jina la mtume mmoja limekosewa katika zote mbili kwa namna ile ile. Hizo ni ndugu. Swali lililobaki ni kama mmoja ni mtoto wa mwenziwe. Hapa daftari la Malindi lilinisaidia kwa kosa lake kubwa: beti kumi na mbili zimetangulizwa, na kumi na mbili zilizopasa kuzitangulia zimewekwa nyuma yake, hata maana ya mahali pale imevurugika. Ami ana mpangilio ulio sawa. Kwa hiyo ami hakunakili kutoka Malindi. Na ami ana makosa yake mwenyewe ambayo Malindi haina, kwa hiyo wala Malindi haikutoka kwake. Wote wawili walinakili kutoka chuo cha tatu, ambacho leo hakipo, na chuo hicho kilikuwa na beti kumi na mbili kila upande wa karatasi. Yumkini karatasi moja ilichomoka uzi, ikarudishwa kinyume, na mwandishi wa Malindi akaikuta hivyo.

Kwa hiyo kura ya wawili kwa mmoja haikuwapo tangu mwanzo. Ilikuwa mmoja kwa mmoja: chuo cha bibi upande huu, na chuo kilichopotea upande ule. Katika hao wawili, mmoja ana ubeti, na mwingine ana sababu iliyo wazi ya kuukosa.

Ona basi kilichotoa ushahidi. Ni makosa matupu. Daftari la Malindi, ambalo kila mtu alilidharau kwa vile limevurugika, ndilo lililotuonyesha ukubwa wa karatasi ya chuo ambacho hakuna aliye hai aliyekiona. Angekuja mtu mwenye nia njema akazipanga upya beti zile kumi na mbili, angelifuta habari hiyo milele.

Hati yetu ya Kiarabu ni hazina ya makosa ya namna hii, na nasema hazina kwa moyo wote. Kiarabu kina alama tatu za irabu, Kiswahili kina irabu tano. Dhamma moja hubeba o na u, kasra moja hubeba e na i. Waandishi wengi walitumia be moja kwa b na p, kwa hiyo pata na bata huweza kuandikwa sawasawa. Nukta zikidondoka, shini huwa sini na dhali huwa dali. Herufi za Kirumi nazo zina mitego yake. Katika hati ya haraka n na u hufanana, na pana huweza kusomwa paua, kosa ambalo mwandishi wa herufi za Kiarabu hawezi kulifanya, maana huko herufi hizo hazikaribiani kwa sura. Kwa hiyo ukikuta kosa la namna ya pili ndani ya nakala ya herufi za Kiarabu, utajua kwamba mahali fulani njiani utenzi ule ulipita kwenye herufi za Kirumi kisha ukarudi. Hayo hutayasikia kwa mwenye nakala. Utayasoma katika kosa.

Kuna mfano mwingine, mkubwa kuliko wa nyumbani kwetu, unaoonyesha njia hii inapoweza kufika na inapokwama. Habari za wafalme wa Kilwa tumezipata kwa matawi mawili. La kwanza ni kitabu cha Kiarabu, Kitab al-Sulwa, kilichotungwa na mtu aliyezaliwa mwaka 1499. Nakala yake tuliyo nayo iliandikwa Unguja mwaka 1877, ikafika London kwa mkono wa John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, na Arthur Strong akaichapisha 1895. Mtungaji aliahidi milango kumi, nasi tunayo saba. Tawi la pili ni la João de Barros, Mreno, aliyechapisha mwaka 1552 habari zilizotoka katika tarikh ya Kilwa, baada ya Wareno kuuteka mji mwaka 1505. Barros hakukiona kitabu cha Unguja, na mwandishi wa Unguja hana dalili ya kumsoma Barros. Hao kweli ni wawili.

Tazama yanayotokea ukiwaweka pamoja. Wote wawili wanaleta mtu wa Shirazi anayekinunua kisiwa kwa nguo. Kwa kuwa hawakupokeana, habari ya nguo ilikuwamo katika chanzo chao cha pamoja, kabla ya matawi kuachana. Hapo tunasimama kwenye ardhi ngumu, na tumefika huko bila kukiona chanzo chenyewe. Lakini kitabu cha Kiarabu kina sultani aliyeota panya mwenye pua ya chuma akizitafuna kuta za mji, akafunga safari na wanawe sita katika merikebu saba. Barros ana ndugu saba, na mmoja wao, Ali, akidharauliwa na wenziwe kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Ni yupi aliyeongeza, na ni yupi aliyepunguza? Huenda mwandishi wa mji, akiandika chini ya masultani, aliona haya kumtaja mama mtumwa. Huenda aliyempasha Mreno alikuwa na chuki na ukoo ule. Nikilazimishwa ningesema habari ya mama ni ya kale, maana ni nadra mtu kumzulia mfalme wake aibu na ni rahisi kuifuta. Lakini ni maoni yangu tu. Matawi yakiwa mawili, hakuna kura.

Joseph Bédier, Mfaransa, aliliona tatizo hili mapema katika karne ya 20. Aliichunguza miti iliyochorwa na wahariri wenziwe, akakuta karibu yote inaishia kwenye matawi mawili, jambo linalomwachia mhariri uhuru wa kuchagua apendavyo. Alishuku kwamba wahariri, bila kujijua, walikuwa wakiupenda uhuru huo. Yeye akashauri uchague nakala moja nzuri, uichapishe kama ilivyo, na usitunge kitabu ambacho hakijawahi kuwapo. Nampa haki zaidi ya nusu.

Kwa Kilwa kulipatikana shahidi wa tatu, na hakutoka kwenye kalamu. Sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan zilimfanya Chittick amsogeze mwanzilishi huyo hadi karibu mwaka 1200. Kisha mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kule Pemba, ikafukuliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na ndani yake sarafu za Ali pamoja na dinari za Kifatimi za karne ya 11. Ali akarudi nyuma zaidi ya miaka mia. Uongo wa kalamu hauwezi kuingia ardhini ukazika chungu.

Kwa Pate shahidi wa namna hiyo hajapatikana kwa wafalme wa mwanzo. Uchimbaji wa Thomas Wilson na Athman Lali Omar umeonyesha mji wenyewe ni wa kale sana, wa karne nyingi kabla ya mwaka 600 wa Hijra, nami nimefurahi kama mtu yeyote wa kisiwani. Lakini umri wa mji si umri wa utawala wa Wanabhani, na wanaoyachanganya mawili haya wanarudia kosa lile lile la kuhesabu bila kuuliza habari imetoka wapi.

Nisije nikaonekana nasema mti wa nasaba hutatua kila kitu. Hautatui, hasa kwetu. Lachmann aliwazia waandishi wanaotazama na kunakili, macho karatasini. Waandishi wetu walikuwa wameuhifadhi utenzi kabla hawajaushika wino. Mwanamke wa Lamu aliyenakili Utendi wa Mwana Kupona alikuwa ameusikia kwa mama yake na shangazi zake mara zisizohesabika. Akikuta kosa kwenye nakala iliyo mbele yake, kumbukumbu yake hulisahihisha mkono ukiwa bado njiani. Kwa hiyo nakala moja huwa na wazazi wawili, mmoja wa karatasi na mmoja wa sikio, na mti hugeuka wavu. Wataalamu wa Ulaya nao walikumbana na hali hii. Mwaka 1998 watafiti walizipeleka kwenye kompyuta nakala 58 za sehemu moja ya The Canterbury Tales ya Chaucer, kwa programu zilizobuniwa kuchora nasaba za viumbe, na hata huko baadhi ya nakala zilionekana kuwa na asili zaidi ya moja.

Halafu kuna Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945. Alikuwa mshairi, mwandishi wa hati, mchonga mbao na mpiga muziki, na sidhani pwani yetu imepata mwandishi mwenye mkono mzuri kumshinda. Yeye ndiye aliyewanakilia Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann tenzi zetu nyingi, na karatasi zake leo zimo London na Ujerumani. Tunamshukuru, maana bila yeye tungekuwa maskini. Lakini mtafiti akikwambia utenzi fulani umethibitishwa kwa nakala tatu, ya kwanza London, ya pili Berlin na ya tatu Hamburg, muulize kwanza zimeandikwa na nani. Zikiwa zote ni za Kijuma, una mtu mmoja aliyeandika mara tatu. Tena mtu huyo ni mshairi, na mshairi akiona kipande kimelegea hukikaza. Gudrun Miehe na Clarissa Vierke wamemfanyia kazi kubwa katika kitabu chao cha 2010, na yeyote anayetaka kuhariri utenzi wa Lamu aanzie hapo.

Wapo wanaosema kwamba kwa vile tenzi zetu ziliishi midomoni, hakuna asili ya kutafutwa, kila msomo ni asili yake, na kazi hii yote ni ya Kizungu. Kuhusu asili, huenda wamesema kweli kwa tenzi fulani. Lakini mimi sitafuti asili tu. Nataka kujua nani alipokea kwa nani, na hilo haliwezi kuwa la Kizungu kwa watu ambao hawakubali aya moja isomwe bila kujua mwalimu wa mwalimu aliyeisomesha. Tena tarikh si utenzi wa kuimba tu. Ina miaka, ina wafalme, na watu hujinasibu kwayo hadi leo.

Sasa nije kwenye linaloniudhi. Mchapishaji mmoja aliniomba niupitie utenzi wa kale aliokusudia kuuza shuleni. Alikuwa na nakala tatu, na popote zilipotofautiana alichukua neno lililompendeza, hapa la kwanza, pale la tatu. Mwisho wake alikuwa na utenzi laini, usio na doa, ambao hakuna mtu yeyote, Pate wala Lamu wala Mombasa, aliyewahi kuusoma katika dunia hii. Hakuna mahali alipoandika ametoa wapi kipi. Nilimwambia aongeze ukurasa mmoja tu mwanzoni, aseme amefuata mswada upi, uko wapi, na uliandikwa na nani, kisha chini ya beti aweke maneno ya nakala nyingine. Alijibu kwamba wanafunzi watachanganyikiwa.

Wanafunzi hawachanganyikiwi. Nimewasomesha. Mpe kijana wa kidato cha tatu nakala mbili za ubeti mmoja umwambie mojawapo imekosewa, atafute ipi na kwa nini, utaona darasa linavyoamka. Wanaochanganyikiwa ni watu wazima waliozoea kupewa utenzi uliokwisha kunyooshwa, na siku wakikuta nakala ya babu yao haifanani na ya kitabuni, hudhani babu alikuwa mjinga.

Na hilo ndilo linalonileta kwa wenye makasha. Kijana mmoja aliniletea chuo cha nyumba yao, cha karatasi zilizoliwa na mchwa pembeni.

"Mwalimu, shikamoo. Nimekuja uninyooshee hiki, kina makosa mengi. Nataka nikipige chapa upya, hiki kibovu tukiweke."

"Marahaba, mwanangu. Mtakiweka wapi?"

Akanyamaza kidogo. "Mama anasema kinaleta mchwa nyumbani."

Nilimwambia akipige chapa apendavyo, lakini kile kibovu asikiguse kwa kalamu, wala asikitupe. Kitabu chake kipya kitakuwa na thamani kwa wasomaji. Kibovu kina thamani kwa kila nakala nyingine ya utenzi ule iliyopo duniani, maana makosa yake yanaweza kuzitambulisha ndugu zake. J.W.T. Allen alipokusanya miswada na kanda kwa ajili ya maktaba ya Dar es Salaam, orodha yake ikachapishwa 1970, alipokea mazuri na mabaya pamoja. Ndiyo maana Tolmacheva aliweza kuzilinganisha nakala nne za Pate. Angechukua ile nzuri peke yake, leo tusingekuwa na la kulinganisha.

Tarikh ya Pate bado inangoja shahidi wa pili. Siamini kwamba kabla ya 1890 kitabu cha ukoo kilikaa miaka yote ile pasiwe na mtu wa Siyu, Faza au Pate yenyewe aliyenakili hata kurasa chache za wafalme wa mwanzo. Nakala kama hiyo ikiwapo, huenda imo nyumba ambayo hakuna aisomaye hati ya Kiarabu tena, imefungwa pamoja na nyaraka za shamba na hati za nikahi. Huenda ni fupi, mbovu, na wafalme wake wamepangwa kinyume na tulivyozoea. Hiyo ndiyo tunayoitaka. Ikikubaliana na Bwana Kitini katika mwaka 600, nitakuwa wa kwanza kuuandika mwaka huo bila shaka yoyote. Ikitofautiana naye, tutakuwa na matawi mawili, kama ya Kilwa, na kazi itaanza. Mwenye karatasi za namna hiyo azipige picha zote kwa mpangilio alioukuta, pande zote mbili za kila karatasi, hata zile tupu, na hasa ya mwisho, ambapo mwandishi huweka jina lake na tarehe. Afanye hivyo kabla hajaziazima kwa mtu yeyote, nikiwamo mimi.